Michele Sindona na Waliomfungulia Milango

Kwa miaka mingi habari za Michele Sindona zimesimuliwa kama habari za kijana wa Sisilia aliyechukuliwa na Mafia, akapewa mtaji, akapelekwa Milano kuwa mweka hazina wao. Masimulizi hayo yana mvuto, na ndani yake mna chembe za kweli. Lakini ukiufuata ushahidi mwaka baada ya mwaka, kama ulivyoanikwa mbele ya mahakama za New York na Milano na mbele ya tume ya uchunguzi ya bunge la Italia, unakuta mambo yalikwenda kwa mpangilio mwingine. Waliomjenga Sindona walikuwa watu wa heshima: matajiri waliotaka kukwepa kodi, benki kubwa za London na Chicago, Vatikani, na vigogo wa chama kilichotawala Italia. Wauza heroini walimtegemea zaidi baadaye, kwa sababu alikwisha kuwa na njia ya kupitishia fedha ambayo wenye mamlaka hawakuthubutu kuikagua hadi mwisho. Mpangilio huu una uzito wake. Anayeamini kwamba Mafia ndiyo iliyomuumba Sindona ataridhika wahuni wachache wakifungwa. Anayeona kwamba njia ilichongwa na wengine atataka kujua ni nani hao, na mbona hawakufikishwa popote.

Kutoka Patti hadi Milano, 1920–1958

Sindona alizaliwa tarehe 8 Mei 1920 huko Patti, mji mdogo wa pwani katika mkoa wa Messina, kwenye familia isiyo na mali. Alisoma kwa Wajesuiti, akahitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Messina mwaka 1942. Mwaka uliofuata majeshi ya Marekani na Uingereza yakatua Sisilia, chakula kikawa adimu, na kijana mwenye akili ya hesabu akajiingiza katika biashara ya vyakula. Hapo ndipo masimulizi yanapomkutanisha na Vito Genovese, mkubwa wa Mafia ya New York ambaye wakati huo alikuwa kusini mwa Italia akiwafanyia Wamarekani kazi ya ukalimani. Vivyo hivyo anatajwa kuwapo Palermo mwaka 1957, wakuu wa Mafia wa pande mbili za bahari walipokutana katika Hotel delle Palme. Habari hizi zimerudiwa kitabu hadi kitabu bila ushahidi unaoweza kusimama wenyewe, na mwandishi wa historia hana haki ya kuzijengea nyumba juu yake.

Kinachojulikana kwa hakika ni kwamba mwaka 1946 Sindona alihamia Milano na kuwa mshauri wa mambo ya kodi. Italia ya baada ya vita ilikuwa inajenga viwanda kwa kasi, na wenye viwanda walikuwa na hofu mbili: mkono wa serikali katika mapato yao, na nguvu ya Wakomunisti katika uchaguzi. Mtu aliyejua kuhamisha mali ikaonekana si ya mwenyewe alikuwa na wateja kila siku. Mwaka 1950 Sindona alianzisha Fasco, kampuni mama iliyosajiliwa Liechtenstein, nchi ndogo ambako hakuna aliyeulizwa maswali kuhusu umiliki. Juu ya kampuni hiyo moja, iliyokuwa karatasi zaidi kuliko ofisi, ndipo karibu kila kitu chake kingeningʼinizwa kwa miaka 24. Alinunua viwanda vilivyochoka, akavifufua au kuvikatakata, akaviuza kwa faida. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 akapata benki yake ya kwanza ya maana, Banca Privata Finanziaria ya Milano.

Vatikani na kodi ya zuio, 1958–1971

Giovanni Battista Montini, Askofu Mkuu wa Milano tangu 1954, alihitaji fedha za kujenga nyumba ya wazee, na Sindona akasaidia kuzichangisha. Mwaka 1963 Montini akachaguliwa kuwa Papa Paulo wa Sita. Uhusiano huo ungebaki kuwa wa sadaka tu kama si sheria ya kodi. Mwaka 1962 Italia ilianza kutoza kodi ya zuio kwenye gawio la hisa. Vatikani, iliyokuwa na hisa nyingi katika kampuni za Kiitaliano, ilipewa msamaha na serikali bila bunge kuuridhia. Msamaha huo ukawa hoja kali ya kisiasa, na mwaka 1968 ukafutwa. Vatikani ikaamua kupunguza mali zake ndani ya Italia na kupeleka fedha nje. Ilihitaji mnunuzi mwenye siri, mwenye haraka, na mwenye njia za nje. Mwaka 1969 Sindona akanunua sehemu kubwa ya hisa zake katika Società Generale Immobiliare, kampuni ya majengo iliyokuwa na miradi katika mabara kadhaa, ukiwamo mtaa wa majengo ya Watergate mjini Washington.

Ununuzi huo ulimpa kitu kikubwa kuliko majengo. Kuanzia hapo alitambulika kama mtu anayeaminiwa na Baba Mtakatifu, na imani hiyo aliweza kuingia nayo kwenye ofisi yoyote. Benki ya Vatikani, inayojulikana kama IOR, ilikuwa na hisa katika benki zake. Hambros ya London na Continental Illinois ya Chicago nazo ziliingia ubia naye. David Kennedy, aliyekuwa mwenyekiti wa Continental Illinois na kisha Waziri wa Fedha katika serikali ya Richard Nixon, baadaye aliketi kwenye bodi ya Fasco. Kila aliyeingia alimtazama aliyemtangulia na kuona hakuna haja ya kuuliza. Hivi ndivyo dhamana ilivyojengwa: benki ya London ilituliza moyo wa Roma, Roma ikatuliza moyo wa Chicago, na Chicago ikatuliza moyo wa New York, ilhali hakuna hata mmoja kati yao aliyekaa chini na vitabu vya hesabu.

Wapo watakaosema kwamba watu hawa walidanganywa kama wengine, na kwamba si haki kumlaumu aliyeibiwa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama dalili zingekosekana. Mwaka 1967 Marekani iliwauliza polisi wa Milano, kupitia Interpol, iwapo Sindona na wenzake kadhaa walihusika na biashara ya dawa za kulevya. Jibu likaja kwamba hakuna ushahidi. Mwaka 1971 Benki Kuu ya Italia ilipeleka wakaguzi kwenye benki zake, wakakuta dosari nzito. Ripoti zikaandikwa, zikakaa. Waliokuwa na nafasi ya kujua walikuwa na sababu ya kutotaka kujua: Sindona aliwatolea nje fedha zao.

Amana zilivyosafiri

Mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko sifa yake. Mwananchi wa Milano aliweka akiba benki. Benki ya Sindona ikaipeleka sehemu ya akiba hiyo kama amana kwenye benki ya Uswisi, kwa mfano Amincor ya Zurich au Finabank ya Geneva. Kwenye vitabu ilisomeka kama jambo la kawaida, benki kuwekeza kwa benki mwenzake. Lakini kando kulikuwa na mkataba wa siri ulioiagiza benki ya Uswisi ikopeshe fedha hizo kwa kampuni ya Sindona mwenyewe, na hasara yoyote ibaki kwa benki ya Milano. Akiba ya watu ikawa mtaji wa kununulia kampuni, na kampuni hizo zikawa ushahidi wa utajiri wa kuvutia akiba zaidi. Ni kama mlinzi wa ghala aliyeuza magunia ya wakulima ili anunue ghala la pili, kisha akawaonyesha wakulima ghala hilo la pili kama sababu ya kumwamini.

Njia hiyohiyo iliwahudumia Waitaliano waliotaka kutorosha mali. Sheria za fedha za kigeni zilikuwa kali, lira ilikuwa inayumba, na familia nyingi tajiri zilitaka faranga za Uswisi. Mambo yalipoharibika mwaka 1974, wateja wa namna hiyo walirudishiwa fedha zao mapema, kabla ya wengine. Iliitwa orodha ya 500, na karatasi zenye majina hayo zilitoweka. Hapa ndipo hoja kwamba mtaji wake ulitoka kwa Mafia inapodhoofika zaidi. Mfumo ulikwisha kukamilika, ukiwa na wateja wenye majina makubwa, kabla heroini ya Sisilia haijaanza kuleta mamilioni ya dola. Mwenye mali haramu alipofika alikuta foleni ya watu waliovaa suti.

New York, 1972–1974

Mwaka 1971 Sindona alijaribu kuichukua Bastogi, kampuni kongwe ya uwekezaji, ili awe na nguvu katikati ya uchumi wa Italia. Enrico Cuccia wa benki ya Mediobanca alimpinga, Gavana wa Benki Kuu Guido Carli hakumuunga mkono, na jaribio likaanguka. Akageukia Marekani. Mwaka 1972 alinunua hisa milioni 1 za kampuni iliyomiliki Franklin National Bank ya New York, benki ya 20 kwa ukubwa nchini humo, kwa dola 40 kila hisa, bei iliyozidi ile ya sokoni. Muuzaji alikuwa kampuni ya Loews. Mahakama ya Marekani ilikuja kuthibitisha kwamba dola hizo milioni 40 zilitoka kwenye amana za benki zake za Milano.

Wakati huo dunia ilikuwa imeacha viwango vya kudumu vya kubadilisha fedha, na sarafu zilipanda na kushuka kila siku. Carlo Bordoni, mtaalamu wake wa fedha za kigeni, alicheza na sarafu kwa mabilioni. Hasara zikafichwa kwa miamala ya uongo kati ya benki za Sindona zenyewe. Nje, sifa zilizidi kung'aa. Desemba 1973, kwenye karamu mjini New York, Giulio Andreotti, kigogo wa chama cha Demokrasia ya Kikristo kilichotawala Italia, alimsifu kuwa mwokozi wa lira. Mwaka 1974 chama cha Demokrasia ya Kikristo, kikiwa katika kampeni ya kura ya maoni ya kupinga talaka, kilipokea kwake lira bilioni 2. Haya si uvumi. Tume ya bunge iliyachunguza na kuyaandika.

Mei 1974 Franklin ilitangaza kwamba haitalipa gawio, na wenye akiba wakaanza kukimbia. Benki Kuu ya Marekani ilimimina mkopo uliofikia takriban dola bilioni 1.7 kuizuia isianguke ghafla. Tarehe 8 Oktoba 1974 ikatangazwa kuwa imefilisika, anguko kubwa kuliko yote katika historia ya benki za Marekani hadi siku hiyo. Miezi michache kabla, Juni, benki ya Herstatt ya Ujerumani ilikuwa imeanguka kwa ugonjwa huohuo wa sarafu, na mwishoni mwa mwaka magavana wa benki kuu za nchi kumi tajiri wakaunda Kamati ya Basel ya kusimamia mabenki.

Huko Italia, Banco di Roma, benki iliyokuwa mikononi mwa serikali, ilimkopesha Sindona dola milioni 100 katika kiangazi kilekile. Lakini kabla ya hapo Waziri wa Hazina Ugo La Malfa alikuwa amekataa kuidhinisha nyongeza ya mtaji wa Finambro, kampuni aliyotaka kuchotea fedha mpya kutoka sokoni. Nalitilia mkazo tukio hili kwa sababu linajibu dai kwamba Sindona alikuwa na nguvu zisizozuilika. Waziri mmoja alikataa kutia saini, na jumba zima likatetereka. Septemba 1974 Banca Privata Italiana, iliyotokana na kuunganishwa kwa benki zake mbili, iliwekwa chini ya ufilisi. Oktoba hati ya kumkamata ikatolewa, naye akakimbilia ng'ambo. Kisha akawa anaishi New York, katika hoteli ya Pierre, akijitetea kama mhanga wa Wakomunisti.

Mfilisi, 1974–1979

Aliyeteuliwa kuifilisi benki hiyo alikuwa wakili wa Milano mwenye umri wa miaka 40, Giorgio Ambrosoli. Hakuwa mwanasiasa wala mtu wa vyombo vya habari. Kazi yake ilikuwa kujua nani anadai nini na fedha zimekwenda wapi. Akisaidiwa na Silvio Novembre, askari wa kikosi cha polisi wa fedha, aliifuata mikataba ya siri moja baada ya nyingine hadi akaifikia Fasco, na hapo kamba zote zikaonekana zimefungwa kwenye kigingi kimoja. Mwanzoni mwa 1975 alimwandikia mke wake barua akimweleza kwamba kazi hiyo ingemgharimu sana, na kwamba hata hivyo aliona ni nafasi ya kuitumikia nchi. Sindona na marafiki zake wa kisiasa walipendekeza mpango baada ya mpango wa kuinusuru benki, na katika kila mpango hasara ingebebwa na fedha za umma. Kila mpango ulihitaji mfilisi akubali. Hakukubali.

Shinikizo halikuishia kwake. Machi 1979 Mario Sarcinelli, mkuu wa usimamizi katika Benki Kuu ya Italia, alikamatwa, na Gavana Paolo Baffi, aliyeepushwa jela kwa ajili ya umri wake, akashtakiwa pamoja naye. Mashtaka yalikuja kufutwa kwa kukosa msingi. Wote wawili walikuwa wamekataa kumnusuru Sindona. Ambrosoli naye alikuwa akipigiwa simu za vitisho. Usiku wa tarehe 11 Julai 1979, baada ya kutoa ushahidi siku hizo kwa ajili ya kesi iliyomkabili Sindona Marekani kuhusu Franklin, aliuawa kwa risasi mbele ya nyumba yake na William Aricò, muuaji wa kukodiwa kutoka New York. Serikali haikupeleka mwakilishi kwenye mazishi. Baffi alikwenda. Mwaka 2010 Andreotti, akiulizwa kwenye televisheni, alijibu kwamba Ambrosoli alijitafutia mwenyewe. Baadaye alisema hakueleweka vizuri. Maneno hayo yanaeleza zaidi kuliko hati nyingi jinsi mfilisi huyo alivyotazamwa na watu aliowasumbua.

Heroini na utekaji wa uongo, 1979

Sasa ndipo Mafia inapoonekana waziwazi. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1970 familia za Palermo zilijenga viwanda vya kusafisha heroini na kuiuza Marekani kupitia jamaa zao. Juni 1979 polisi wa Palermo walikuta kwenye uwanja wa ndege masanduku yenye dola 500,000. Boris Giuliano, mkuu wa wapelelezi aliyekuwa akiifuata njia hiyo, aliuawa tarehe 21 Julai, siku kumi baada ya Ambrosoli. Miaka baadaye Francesco Marino Mannoia, aliyekuwa mpishi wa heroini wa Mafia kabla ya kugeuka shahidi wa serikali, alieleza kwamba Stefano Bontate na Salvatore Inzerillo, wakuu wa familia za Palermo, walimkabidhi Sindona fedha zao azizungushe.

Tarehe 2 Agosti 1979, wiki chache kabla ya kesi yake, Sindona alitoweka New York. Barua zikatumwa kwa jina la kundi la wanamapinduzi lisilokuwapo. Ukweli ni kwamba alisafiri kwa pasipoti bandia kupitia Vienna na Athens hadi Sisilia, akahifadhiwa na watu wa familia za Spatola na Gambino, na daktari Joseph Miceli Crimi akampiga risasi ya mguu, baada ya kumtia ganzi, ili aonekane ameteswa. Oktoba Vincenzo Spatola alikamatwa Roma akipeleka barua kwa wakili wa Sindona, na mchezo ukafichuka. Tarehe 16 Oktoba Sindona alijitokeza New York.

Mpinzani wa hoja yangu atasema: tazama, mwishowe alikuwa mtu wao. Nakubali kwamba alikuwa mtu wao. Swali ni lini na kwa nini. Mwaka 1979 hakuwa tena na benki, Vatikani ilikuwa imepoteza mali nyingi mikononi mwake, na wabia wa London na Chicago walikwisha kumkana. Waliobaki kumficha ni wale ambao fedha zao alikuwa nazo na wasioweza kwenda mahakamani kuzidai. Na hata katika siku hizo za maficho, lengo la safari halikuwa kukusanya bunduki. Lilikuwa kuwatisha, kwa siri alizozishika, wale wa juu waliowahi kumtumia, ili wamwokoe. Tishio lenyewe linaonyesha alijua nguvu yake ilitoka wapi.

Orodha ya Gelli na kahawa ya Voghera, 1980–1986

Machi 1980 mahakama ya New York ilimtia hatiani kwa mashtaka zaidi ya 60, na akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Huko Milano, mahakimu Gherardo Colombo na Giuliano Turone walikuwa wakiuchunguza utekaji wa uongo. Tarehe 17 Machi 1981 polisi waliowatuma walipekua ofisi ya Licio Gelli karibu na Arezzo, wakakuta orodha ya watu 962 wa chama cha siri cha P2, alichokiongoza Gelli: mawaziri, majenerali, wakuu wa usalama, wenye benki. Serikali ya Arnaldo Forlani ikaanguka. Jina la Sindona lilikuwamo. La Roberto Calvi pia, mkuu wa Banco Ambrosiano, ambaye Sindona alikuwa mwalimu wake katika kampuni za nje na mlango wake wa kuingilia Vatikani. Mwaka 1977 Sindona alimshinikiza kwa mabango yaliyobandikwa kwenye kuta za Milano yakianika akaunti zake za siri. Mwaka uliofuata Benki Kuu ikaikagua Ambrosiano, na mwanzo wa mwisho wake ukawa huo. Juni 1982 Calvi alikutwa akining'inia chini ya daraja la Blackfriars, London. Mwaka 1984 IOR ililipa wadai wa Ambrosiano zaidi ya dola milioni 240, ikisema hailipi kwa sababu ya kosa lolote la kisheria.

Septemba 1984 Marekani ilimkabidhi Sindona kwa Italia. Alihukumiwa kwanza kwa kufilisi benki kwa udanganyifu, kisha tarehe 18 Machi 1986 akapewa kifungo cha maisha kwa kuagiza Ambrosoli auawe. Siku mbili baadaye, katika gereza la Voghera, alikunywa kahawa yenye sumu ya sianidi, akafa tarehe 22 Machi. Uchunguzi wa mahakama uliamua kwamba alijiua. Wapo wasiokubali hadi leo, na wanazo sababu za kushuku. Lakini mtu aliyelindwa usiku na mchana, aliyepoteza msaada wa marafiki zake wote, alikuwa na sababu zake pia.

Mwaka 1987 mahakimu wa Milano walitoa hati ya kumkamata Askofu Mkuu Paul Marcinkus, mkuu wa IOR tangu 1971, kuhusu Ambrosiano. Mahakama ya juu ya Italia iliifuta kwa sababu mkataba wa Italia na Vatikani uliwalinda watumishi wa taasisi za Vatikani, na Marcinkus akafa Arizona mwaka 2006 bila kushtakiwa. Kuhusu fedha zenyewe, Italia ilikuwa imetunga kosa la kutakatisha fedha haramu mwaka 1978, lakini likahusu mapato ya ujambazi, ya kutoza watu kwa vitisho na ya utekaji nyara tu. Marekani ilipitisha sheria yake ya kosa hilo Oktoba 1986, miezi saba baada ya kahawa ya Voghera. Mapato ya dawa za kulevya yaliingizwa katika sheria ya Italia mwaka 1990. Katika miaka yote ambayo Sindona alikuwa na benki, kuzipitisha fedha za heroini kwenye vitabu vyake hakukuwa, peke yake, kosa la kutakatisha fedha katika nchi yoyote kati ya hizo mbili.